Mbegu za maboga zilizokaangwa si makapi

Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye magrupu: ukikaanga mbegu za maboga umeua virutubisho vyote, unatafuna makapi tu. Si kweli. Madini yaliyomo, kama zinki, magnesiamu na chuma, hayateketei kwa moto wa jikoni, na protini hubaki. Kinachopungua ni baadhi ya vitamini.

Ukitaka kuhakikisha, chukua pakiti ya mbegu mbichi na ya zilizokaangwa, zote zilizomenywa, ulinganishe protini kwa gramu 100. Utakuta zinakaribiana.

Nadhani mkanganyiko umetoka kwenye mboga za majani, ambazo zikichemshwa sana hupoteza vitamini C nyingi. Watu wakaichukua kanuni hiyo wakaibebesha mbegu. Tena mbegu iliyoungua huwa chungu kweli, na hiyo hata mimi siili.

Ukiletewa ujumbe huo, usiusambaze. Mwambie aliyeutuma aoshe mbegu, azianike zikauke, kisha azikaange bila mafuta kwa moto mdogo huku akigeuza na mwiko. Zikianza kupasuka pa! pa! na kubadilika rangi kidogo, aepue, anyunyize chumvi.