Filamu ya konsati ni kitu gani hasa

Filamu ya konsati ni filamu ambayo hadithi yake ni shoo yenyewe. Bendi inapanda jukwaani mbele ya watu, inapiga kweli na kuimba kweli, kamera zinachukua, alafu baadae kazi inapelekwa sinema watu wanakata tiketi kama filamu nyingine yoyote. Maana yake ni hiyo tu. Ila kila nikiongea na vijana wa hapa Tanga naona wanaichanganya na vitu viwili, kideo cha nyimbo na video ya harusi.

Kideo cha nyimbo ni rahisi kukitofautisha manake pale msanii anafungulia wimbo uliosharekodiwa studio anachezesha mdomo, yaani pleibeki, anaweza akaimba yuko juu ya boti Raskazone na upepo wote ule na sauti ikatoka safi kama yuko chumbani. Hiyo siyo konsati. Video ya harusi ndo inasumbua, maana pale bendi inapiga laivu na kamera ipo, sasa kwa nini isiwe filamu ya konsati?

Nichukue harusi ya binti wa shangazi yangu, Ngamiani, barabara zile za namba. Taarab imeletwa, turubai limefungwa, kina mama wanapanda kutuza, noti zinapeperuka, na fundi wa video yuko mmoja tu na kamera yake begani na ile taa inayopofusha watu. Mwimbaji alipofika penyewe, pale ambapo ukumbi mzima unasimama, betri ya fundi ikakata. Akakimbia kutafuta nyingine, akarudi wimbo umeisha. Na hata kile alichokipata sauti yake ilikuwa inapasuka mwanzo mwisho, besi inanguruma tu, maneno husikii.

Tatizo la sauti ndo la kwanza kabisa. Maiki ya kamera inasikia kila kitu kwa mkupuo, spika, vigelegele, jenereta nyuma ya nyumba, na ukishavichanganya hivyo huwezi kuvitenganisha vizuri tena. Kwenye filamu ya konsati sauti inachukuliwa pembeni kabisa na picha. Kila maiki, kila gitaa, kila dramu ina waya wake unaokwenda kwenye treki yake, yaani inarikodiwa peke yake bila kuchanganywa na nyingine, na mara nyingi kuna gari zima limepaki nje ya ukumbi limejaa mitambo ya kurikodia, mafundi wamekaa humo hata bendi hawaioni kwa macho. Kuna maiki nyingine zinaelekezwa kwa watazamaji tu, ili zile kelele nazo ziwe na treki yake. Baadae mtu anakaa wiki na wiki anapandisha gitaa, anashusha dramu, alafu ndo anaoanisha na midomo kwenye picha.

Picha nayo ina mambo yake. Zamani kamera za sinema zilikuwa zinatumia filamu ya mkanda wa milimita 35, na mkanda wa futi 1,000 unaisha kwa dakika kama 11 tu, kwa hiyo katikati ya shoo lazima usimame upakie mwingine wakati bendi haikusubiri. Tarehe 25 Novemba 1976, ukumbi wa Winterland, San Francisco, kundi la roki la The Band lilipiga shoo ya kuaga na dairekta Martin Scorsese akairekodi kwa kamera kadhaa, filamu ikaja kuitwa The Last Waltz. Muddy Waters, mzee wa bluzi, anapanda jukwaani, na kamera karibu zote zimezimwa zinapakiwa. Ikabaki moja, ya László Kovács, ambaye inasemekana alishavua hedifoni kwa kuchoka na maelekezo, hivyo amri ya kuzima hakuisikia. Ndo maana kwenye ile filamu Muddy Waters unamwona karibu wimbo mzima kutoka engo moja tu. Nilipoijua hii habari nilimsamehe yule fundi wa harusi, nusu.

Sasa kuna swali la uongo. Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, walirikodiwa usiku tatu ukumbi wa Madison Square Garden, New York, Julai 1973, na walipokaa kuangalia wakakuta mapengo, sehemu za nyimbo hazina picha. Wakafanyaje? Mwaka uliofuata wakajenga jukwaa ndani ya studio za Shepperton huko Uingereza wakapiga tena, kamera zikachukua karibu, na mpiga besi John Paul Jones alikuwa ameshakata nywele ikabidi avae wigi. Filamu ikatoka 1976. Wengine wanasema huo ni ulaghai, mi naona siyo sana, manake hata zile filamu zinazosifiwa zinaungwa kutoka siku tofauti. Talking Heads, bendi ya Marekani, nao walirikodiwa siku kadhaa Desemba 1983 pale ukumbi wa Pantages, Hollywood, ila ukiangalia unaona usiku mmoja, mwimbaji wao David Byrne anaingia peke yake na gitaa na redio kaseti, wenzake wanaongezeka mmoja mmoja mpaka jukwaa linajaa. Kinachonikera mimi ni pale wanapoongeza vigelegele ambavyo havikupigwa.

Na Pink Floyd, bendi nyingine ya Uingereza, Oktoba 1971 walirikodiwa wakipiga laivu kwenye uwanja wa kale wa Pompeii, Italia, bila mtazamaji hata mmoja zaidi ya mafundi na vitoto vilivyojipenyeza. Filamu hiyo watu wanaiweka kwenye kundi hilohilo la filamu za konsati. Mi nina wasiwasi nayo, konsati bila watu ni mazoezi, japo mazoezi matamu.

Kinachouma ni kwamba mji huu ulikuwa na vya kurikodi. Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, Black Star na Lucky Star za taarab, hao wote ni wa hapahapa Tanga, nyimbo zao tunazo kwa sababu zilirikodiwa sauti redioni na kwenye santuri, lakini jinsi walivyokuwa wanasimama na kuchekana jukwaani, hamna. Huku bara televisheni yenyewe imeanza 1994. Wazee wakikuhadithia unabaki kukubali tu.

Ile ya harusi nilimfuata fundi baada ya kama miezi miwili, nikamwambia hata hivyo vipande vinavyopasuka nipe, nitavitunza. Akaniangalia kwa huruma, akasema kaka, ile kadi nilishaifuta, kulikuwa na kitchen pati Chumbageni wikiendi iliyofuata.