Mkono wa karani Amennakht

Kila nikirudi Mombasa, jamaa na majirani huniuliza: "Mwanangu, umepata dhahabu?" Huuliza kwa mapenzi, nami huwajibu kwa mapenzi kwamba sijapata, wala sijawahi kuitafuta. Kazi yangu ni kusoma miandiko. Mwaka wa kumi na nne huu nasoma vigae na vibamba vya mawe ambavyo watu wa kijiji kimoja cha Misri ya kale waliviandika kwa wino, wakamaliza haja yao, wakavitupa. Naandika haya kwa sababu ya vijana wanaoniletea barua wakitaka kujua njia ya kuingilia. Wengi wao wameiona kazi hii kwenye runinga, ambako mtu hushika tochi, mlango ukafunguka, na kaburi zima likang'aa.

Kijiji chenyewe kinaitwa Deir el-Medina. Kipo ng'ambo ya magharibi ya mto Nili, mkabala na mji wa Luxor, katika kibonde kikavu kisicho na kisima. Nyumba karibu sabini zimebanana ndani ya ukuta mmoja. Humo waliishi, kwa zaidi ya karne nne, mafundi waliochonga na kupaka rangi makaburi ya Bonde la Wafalme. Serikali iliwaletea kila kitu kwa punda: maji, kuni, samaki, nafaka, hata dobi walipewa. Na penye vitu vya kuletwa na kupokelewa pana karani. Mafunjo, yaani karatasi ya kale ya mimea ya mtoni, yalikuwa na bei, lakini vibamba vya mawe ya chokaa vilikuwa bure, kwa kuwa kila fundi aliyechimba kaburi alivibandua kwa patasi kutwa nzima. Basi wakaandikia hivyo. Bernard Bruyère, Mfaransa aliyechimba pale kuanzia 1922 hadi 1951, alivitoa kwa maelfu, vingi vikiwa katika shimo moja kubwa kaskazini ya kijiji ambalo wenyewe walilichimba, pengine wakitafuta maji, kisha wakaligeuza jaa.

Mwandiko wa vigae hivi si zile picha za ndege na macho mnazoziona kwenye kuta za mahekalu. Hizo ni hieroglifu. Huu ni hieratiki, yaani mwandiko wa haraka wa mkono, unaokwenda kulia kwenda kushoto, ambamo ndege mzima hubaki mikwaruzo miwili. Irabu haziandikwi. Alama ya mkono, inayosimamia sauti ya d, na ile ya mdomo, inayosimamia r, hukaribiana mno mwandishi akiwa na haraka, na waandishi wa kijiji hiki walikuwa na haraka daima.

Hapa nilikuwa na bahati ambayo wenzangu wengi darasani hawakuwa nayo. Nyanya yangu alikuwa na kisanduku cha barua za babu yake, zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa mtindo wa zamani ambao p na b huandikwa kwa herufi moja, na m inayotangulia b haiandikwi kabisa. Neno moja hilohilo laweza kuwa bata, laweza kuwa pata, laweza kuwa mbata. Nyanya alikuwa akiweka kidole juu ya neno na kuniuliza: "Babu alikuwa akiuza nini?" Akiuza nazi kavu. Basi hiyo ni mbata. Nilipofika Ulaya na mwalimu akatuwekea mezani ukurasa wa kwanza wa hieratiki, wenzangu waliona ukuta. Mimi nilijiuliza: huyu alikuwa akiuza nini?

Masomo yenyewe nitayapitia kwa ufupi. Unaanza na Kimisri cha Kati, miaka miwili kwa uchache, halafu Kimisri cha Baadaye ambacho ndicho lugha ya vigae, halafu Kikopti, hatua ya mwisho ya lugha hiyohiyo, kwa sababu kile huandikwa na irabu zake na hutuonyesha matamshi yalikoelekea. Unahitaji Kifaransa na Kijerumani cha kusomea. Usidanganywe na mtu kwamba Kiingereza kinatosha. Kamusi kuu ya Kimisri ilianzishwa Berlin mwaka 1897, ikajengwa juu ya kadi karibu milioni moja na nusu zilizoandikwa kwa mkono, na maelezo yake ni ya Kijerumani. Ripoti za Bruyère ni za Kifaransa. Baada ya shahada ya uzamivu zinafuata kazi za mikataba ya mwaka mmoja mmoja, na hapo ndipo wengi huachia. Mimi mwenyewe msimu mmoja uliniponyoka kwa sababu mfadhili alijitoa wiki tatu kabla ya safari, tiketi nimeshakata.

Mtu ninayemfikiria siku kama hizo ni Jaroslav Černý, Mcheki aliyesoma maandishi ya kijiji hikihiki. Alizaliwa Plzeň mwaka 1898, akasoma Prague, na kwa miaka kadhaa riziki yake ilitoka benki, alikokuwa karani. Likizo zake alizimalizia Turin, Italia, akinakili mafunjo ya Deir el-Medina. Mwaka 1925 alijiunga na uchimbaji wa Bruyère kama msomaji wa maandishi. Baadaye akawa profesa London, na tangu 1951 hadi 1965 profesa Oxford. Madaftari yake yamehifadhiwa Griffith Institute, Oxford. Nilipoyafungua mara ya kwanza nilikaa kimya kwa muda. Kurasa kwa kurasa za kalamu iliyotulia: juu anaonyesha alama kama alivyoziona, kando anaweka shaka zake, na pale jiwe lilipovunjika anapima pengo na kuchora ukubwa wake. Hajazi pengo kwa kubahatisha. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo ambayo msomaji anaweza kumpa mtu aliyekufa.

Mimi katika miaka yangu ya mwanzo nililijaza pengo. Palikuwa na jina limevunjika katikati, nikasoma r, nikapata mtu mpya kabisa, nikamjengea ukoo na kazi. Wiki tatu za kuandika. Kisha nikapelekewa picha iliyopigwa kwa mwanga wa infraredi, ambao hufufua wino uliofifia, na ile r ilikuwa d. Mtu wangu hakuwahi kuishi. Tangu siku hiyo sichapishi usomaji wowote kabla sijauchora mstari kwa mstari kwa mkono wangu, maana mkono ukichora hugundua kile ambacho jicho limeruka.

Na kuchora huko ndiko kulikonifikisha kwa Amennakht.

Amennakht mwana wa Ipuy aliteuliwa kuwa karani wa kaburi la mfalme mwaka wa 16 wa utawala wa Ramses III. Aliyempandisha cheo ni waziri aliyeitwa To. Kabla ya hapo alikuwa mchoraji, na kwa maoni yangu bado inaonekana: mistari yake imejipanga, mikia ya alama inashuka kwa mwinamo uleule, kalamu anaichovya winoni kabla haijakauka. Kuutambua mkono wa mtu mmoja ni jambo tunalobishania sana, kwa sababu mtu huyohuyo huandika tofauti akiwa kijana na akiwa mzee, kwenye mafunjo laini na kwenye jiwe lenye makovu. Lakini kazi kadhaa wengi tunazihusisha naye, na mbili kati ya hizo zipo Turin.

Moja ni ramani ya bonde la Wadi Hammamat, yenye njia, mawe ya kuchonga na milima iliyopewa maelezo kuwa ni ya dhahabu. Hiyo ndiyo dhahabu iliyo karibu kabisa na mimi, enyi majirani zangu wa Mombasa.

Ya pili ni habari ya mgomo. Mwaka wa 29 wa Ramses III, yapata mwaka 1155 KK, posho ilichelewa. Posho ya fundi wa kawaida ilikuwa magunia manne ya ngano na gunia moja na nusu la shayiri kwa mwezi, na gunia la Kimisri lilichukua kama lita 77. Huo ndio mshahara. Hakuna sarafu, hakuna akiba ya benki. Mafundi wakaacha kazi, wakapita kuta tano za makaburi, wakaenda kukaa nyuma ya hekalu. Siku zilizofuata wakafika hekalu la Ramses II, na maneno yao yakaandikwa: wamekuja kwa sababu ya njaa na kwa sababu ya kiu, hakuna nguo, hakuna mafuta, hakuna samaki, hakuna mboga, apelekewe habari Firauni bwana wao mwema, na apelekewe waziri mkubwa wao, ili wapate chakula. Ndiyo habari ya mgomo ya zamani kuliko zote tulizonazo kwa maandishi. Kinachonishika mimi ni kwamba aliyeyaandika haya alikuwa karani wa serikali. Kazi yake ilikuwa upande wa waziri, na angeweza kuandika "wamefanya fujo" akanyamaza. Aliandika samaki na mboga.

Jina lake lipo pia kwenye jiwe lililoko Chicago. Fundi aitwaye Menna alimuuzia mkuu wa askari, Mentmose, chungu cha mafuta mabichi mwaka wa 17 wa Ramses III. Mentmose akaahidi kulipa shayiri. Hakulipa. Menna akamshitaki mara tatu mbele ya karani Amennakht. Mfalme akafa, akaingia Ramses IV, na mwaka wa tatu wa huyu mpya Menna bado anashitaki. Hesabuni wenyewe: miaka 18 kwa chungu kimoja. Mwishowe Mentmose akala kiapo kwamba asipolipa kufikia siku iliyotajwa atapigwa fimbo mia na atalipa maradufu. Nimefundisha jiwe hili darasani mara nyingi, na sijawahi kufundisha bila mwanafunzi mmoja kusema: "Huyu namfahamu, yuko mtaani kwetu."

Sasa niwaeleze siku ya kazi. Msimu ni kati ya Oktoba na Aprili, kwa sababu ya joto. Majina na nakala za pasipoti hupelekwa Cairo miezi mingi kabla, na mkaguzi wa serikali ya Misri huwa nasi kila siku ya kazi. Hakuna kipande kinachotoka nchini. Hilo ndilo agizo la sheria, na ni haki kabisa. Anayeongoza wachimbaji huitwa rais, neno letu hilihili. Wengi wa maraisi bora hutoka mji wa Quft, ambako mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie aliwafundisha mababu zao miaka ya 1893 na 1894, na ufundi ukarithiwa. Vitabu huandika jina la profesa. Mimi nakuambieni kwamba nusu ya ninachokijua kuhusu udongo nimekitoa kwa watu wa Quft.

Mezani mwangu ghalani kuna trei ya mbao yenye vipande kama arobaini. Hakiguswi kwa maji hata kimoja, maana wino ni masizi na gundi, tone moja linatosha kuufuta. Huweka taa pembeni, chini kabisa, mwanga utambae juu ya jiwe. Msimu uliopita nilikaa siku nne na kipande cha ukubwa wa kiganja: tarehe, kuni, kisha neno lililokatika. Nilitafuta mwenzake kwa kufuata maandishi. Rais mzee aliingia kuniletea chai, akasimama, akaniomba ruhusa. Hieratiki haisomi. Alikichukua kile kipande, akapitisha kidole gumba ukingoni, akakigeuza upande usio na wino, mahali ambapo mimi sikuwa nimetazama. Kulikuwa na mshipa mwembamba wa rangi ya tangawizi unaopita ndani ya jiwe. Akatembea hadi trei ya mwisho, akarudi na kipande chenye mshipa uleule.

"Jaribu hiki, ya doktora," akaniambia, yaani "ee daktari."

Viliingiana kama meno. Neno lililokatika lilikuwa jina la mkata kuni, na chini yake mstari mmoja: amebakiza deni la siku kumi. Mikia ya alama inashuka kwa mwinamo ninaoujua, au ninaodhani naujua. Bado kuna pengo la vidole viwili kwenye kona ya chini kushoto, mahali ambapo karani angetaja jina lake, na trei tatu sijazigeuza upande wa nyuma.