Je, wajua kwanini mchoraji wa rangi za maji huwa hapaki rangi nyeupe?

Najifunza rangi za maji kwa kukopi picha moja ya kijijini Ufaransa, ile ya Jean-François Millet ya mwaka 1857, wanawake watatu wako shambani wanaokota masazo ya ngano. Kama unaikumbuka habari ya Ruthu kwenye Biblia, ndo kazi ileile, wavunaji wakishapita maskini anaruhusiwa kuokota kilichobaki. Orijino iko Paris, kwenye makumbusho ya Musée d'Orsay, na ni ya rangi za mafuta, hapo ndo nilipoingia mkenge.

Manake rangi ya mafuta inafunika. Millet angeweza kuanza na giza alafu mwishoni akaweka mwanga juu yake, pale mabegani, mgongoni na shingoni kwa wale akina mama. Mimi nikajifanya nafata hivohivo. Kwanza nikapaka shamba lote njano hadi juu ya watu wenyewe, nikasema si nitawachora juu yake bana. Kilemba cha bluu cha yule wa kushoto kikatoka kijani! Chekundu cha katikati kikawa kama chungwa.

Sababu ni kwamba rangi ya maji ni unga wa rangi uliochanganywa na gundi ya mgunga (nyingi inatoka hapo Sudan tu), na ukiipaka nyepesi inakuwa kama kioo. Mwanga unapenya rangi, unagonga karatasi nyeupe kwa chini, unarudi tena kwenye jicho lako kupitia rangi ileile, kwahiyo ukiweka bluu juu ya njano jicho linapata zote mbili. Na kitu cheupe kuliko vyote hapo ni karatasi yenyewe, ukishaifunika umeipoteza. Rangi nyeupe zipo madukani ndio, ila ukizipaka mara nyingi zinakaa kama chokaa, picha inapooza.

Kwahiyo unaenda kinyume na Millet, mwanga kwanza giza mwisho. Nilivoanza upya nilichora wale watatu kwa penseli, nikapitisha njano nyepesi kuwazunguka, mabega nikayaacha karatasi tupu, nikasubiri ikauke kabisa ndo nikagusa vilemba. Hiyo kusubiri ndo mtihani, ukiingiza brashi yenye maji mengi kwenye rangi iliyokauka nusu, maji yanaisukuma rangi pembeni unapata doa lenye kingo kama koliflawa, na halitoki kirahisi. Alafu karatasi ya fotokopi sahau, itajikunja yote, tafuta nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba.

Wapo wanaosema kukopi ni uvivu, mi sikubali. Mchoraji maarufu Van Gogh mwenyewe mwaka 1889 na 1890, akiwa hospitali ya wagonjwa wa akili Saint-Rémy, Ufaransa, alikopi kazi kibao za Millet kutoka kwenye picha zisizo na rangi, rangi akazitunga mwenyewe, akasema ni kama mwanamuziki anayepiga wimbo alioutunga mtu mwingine.

Kitu cha mwisho nilichopatia ni yule mtu aliyepanda farasi kule mbali kulia, wengi wanasema ni nyapara. Mara ya kwanza nilimpa mpaka kofia na mikono akawa anaonekana kama yuko mbele na wale akina mama, safari hii nikamgusa mara moja tu na kijivu chepesi, akarudi zake kule nyuma kwenye marundo ya ngano.