Kusamehewa VAT na kutozwa asilimia sifuri: tofauti iko wapi?

Mwaka 2018 serikali ya Tanzania ilisamehe VAT, yaani Kodi ya Ongezeko la Thamani, kwenye taulo za kike. Mwaka uliofuata ikairudisha, na sababu aliyoitoa Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, ilikuwa fupi: bei madukani haikushuka. Wengi tulisema wafanyabiashara wamekula ile kodi ya asilimia 18. Huenda wapo waliokula. Ila hata kiwanda cha hapa nchini chenye mwenyewe mwaminifu kisingeweza kuishusha kodi yote hiyo, na chanzo ni neno lenyewe, "msamaha".

VAT hulipwa vipande vipande. Mfanyabiashara aliyesajiliwa hulipa VAT anaponunua malighafi, kisha humtoza mteja wake VAT anapouza. Mwisho wa mwezi anatoa ile aliyolipa kwenye ile aliyokusanya, kinachobaki anakipeleka TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Wewe uliyesimama kaunta huna wa kumdai, kwa hiyo mzigo wote unatua kwako.

Chukua kiwanda kinachonunua malighafi ya shilingi 1,000 na kulipa VAT 180 juu yake. Kinaongeza umeme, mishahara na faida, jumla 500. Kwa kawaida kitauza kwa 1,500 na VAT 270, unalipa 1,770. Ile 180 ya mwanzo kinajirudishia kutoka kwenye 270.

Sasa bidhaa isamehewe. Kiwanda hakitozi VAT, lakini pia kimepoteza haki ya kurudishiwa 180. Inageuka gharama kama umeme, inaingia kwenye bei: 1,680. Kwenye kodi ya 270 uliyotarajia iondoke, imeondoka 90 tu. Na aliyeagiza kutoka nje bidhaa kama hiyo iliyokwisha kutengenezwa hakulipa VAT bandarini, hana 180 ya kubeba. Kiwanda cha nyumbani kinazidiwa na msamaha uliokusudiwa kumsaidia mteja wake.

Kutozwa asilimia sifuri kunasikika kama mzaha wa kiofisi, lakini ndiko kunakomfikia mlaji. Bidhaa inahesabika kuwa inatozwa kodi, kiwango chake tu ndicho 0. Kiwanda kinabaki na haki ya kudai 180 yake serikalini, na kinaweza kuuza kwa 1,500.

Kwa nini basi isiwe sifuri kwa kila kitu muhimu? Kwa sababu msamaha haudai hazina itoe fedha mkononi, sifuri inadai. Marejesho yakichelewa, fedha ya kiwanda imelala, na mwenye mkopo benki ataitafuta riba yake kwenye bei hiyo hiyo.

Mangi, mwenye duka la mtaani kwetu, haweki VAT kwenye risiti, na kuna jirani anayeamini kwa hiyo anauza bila kodi. Mauzo yake hayafiki shilingi milioni 200 kwa mwaka, kwa hiyo hajasajiliwa. Sabuni anayoichukua kwa jumla imeshatozwa VAT, naye hana pa kuidai. Jirani anailipa bila kuiona.

Wakenya walilijua somo hili kwa mkate. Mkate wa kawaida kwao uko kwenye asilimia sifuri, na Muswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kuupeleka moja kwa moja kwenye asilimia 16. Mkate wa shilingi 65 ungeongezeka kama 10. Pendekezo hilo liliondolewa Juni 18, kabla muswada wote haujakataliwa na Rais Ruto Juni 26, siku moja baada ya waandamanaji kuingia bungeni.

Hotuba ya bajeti ikisomwa Dodoma mwezi Juni, sikiliza kitenzi. "Kusamehe Kodi ya Ongezeko la Thamani" ni ile hesabu ya 1,680. "Kutoza kwa kiwango cha asilimia sifuri", kama ilivyofanywa kwa mbolea inayotengenezwa nchini, ni ile ya 1,500. Halafu sikiliza kama kuna "kwa kipindi cha mwaka mmoja". Mwenye duka aliyejaza stoo kwa bei ya zamani huanza kushusha pale atakapomaliza mzigo, na mwaka mmoja si mrefu.