Don Quijote: usiishie kwenye vinu vya upepo

Ukitaja jina la Don Quijote, wengi wanakumbuka jambo moja: mzee wa Kihispania aliyevamia vinu vya upepo akidhani ni majitu. Tukio hilo limo mwanzoni mwa sura ya 8, na linakwisha haraka. Kitabu kizima kina sura 126. Sehemu ya Kwanza, yenye sura 52, ilitoka Madrid mwaka 1605. Sehemu ya Pili, yenye sura 74, ilitoka mwaka 1615, miezi michache kabla mwandishi wake, Miguel de Cervantes, hajafariki Aprili 1616. Anayefunga kitabu baada ya vinu ameuona wazimu wa mzee, lakini hajayasikia mazungumzo, na kwa maoni yangu mazungumzo ndiyo yaliyoifanya riwaya hii isomwe kwa zaidi ya miaka 400. Watu wawili, mmoja juu ya farasi aliyekonda na mwingine juu ya punda, wanabishana njia nzima, na taratibu kila mmoja anachukua tabia ya mwenzake. Nataka kueleza jambo hilo limejengwaje, na ni wapi wasomaji hukwama kabla ya kulifikia.

Tuanze na kofia ya chuma, maana wengi huipita bila kusimama. Katika sura ya 1 tunakutana na muungwana wa kijijini, katika eneo la La Mancha, anayekaribia miaka 50. Si tajiri. Chungu chake kina nyama ya ng'ombe zaidi kuliko ya kondoo, Ijumaa anakula dengu, Jumapili anaongeza kinda la njiwa, na chakula hicho kinammalizia robo tatu ya kipato. Ameuza sehemu ya mashamba yake ili anunue vitabu vya mashujaa wa zamani, na sasa anataka kuwa shujaa yeye mwenyewe. Anazisugua silaha zenye kutu za babu zake, anagundua kwamba kofia ya chuma haina kinga ya uso, basi anaunda kinga hiyo kwa karatasi ngumu. Anachomoa upanga aijaribu. Pigo la kwanza tu linabomoa kazi ya wiki nzima. Anaiunda upya, safari hii akitia vyuma kwa ndani. Halafu haijaribu tena. Anaitangaza kuwa kofia kamili, na mambo yanaendelea.

Soma hapo mara mbili. Mtu asiyejua kitu asingeijaribu hata mara ya kwanza. Huyu alijaribu, akaona, kisha akaamua kutouliza tena. Wazimu wake una mlango, na yeye ndiye aliyeufunga. Ukilishika hilo, sehemu nyingi zinazofuata zinaeleweka. Katika sura ya 25 anamwambia Sancho waziwazi kwamba Dulcinea, malkia wa moyo wake, ni Aldonza Lorenzo, msichana wa kijijini, na kwamba yeye anamchora akilini jinsi anavyotaka awe. Miaka kumi baadaye, katika sura ya 32 ya Sehemu ya Pili, mke wa mtawala mmoja anambana: je, huyo Dulcinea yupo kweli? Anajibu kwamba Mungu ndiye ajuaye kama yupo duniani au hayupo. Mtu anayejibu hivyo hatuwezi kumcheka kwa raha, na Cervantes hakutaka tumcheke kwa raha.

Sancho Panza anaingia katika sura ya 7. Safari ya kwanza, sura ya 2 hadi ya 5, mzee alikuwa peke yake, na anayesoma anaona upungufu: shujaa anajisemea mwenyewe, hana wa kumjibu. Akija Sancho, jirani mkulima aliyeahidiwa kisiwa cha kutawala, kitabu kinapata sauti ya pili. Anamwita mzee “bwana wangu”, anamtii, lakini hanyamazi. Anasema kwa methali, nyingine zikiwa mahali pake, nyingine zikifuatana kama mvua bila kuhusiana na neno lililotangulia. Mzee anakasirika, anamkataza, kisha naye anatoa moja. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa: sisi tunajua methali inavyoweza kumaliza ubishi, kumkwepa mkubwa, au kusema kwa heshima lile ambalo lingekuwa utovu wa adabu likisemwa wazi. Sancho anazitumia kwa kazi hizo zote.

Mahali ambapo wawili hawa wanabadilishana ni sura ya 10 ya Sehemu ya Pili, na nikilazimika kuchagua sura moja ya kumwonyesha mtu asiyekijua kitabu hiki, ni hiyo. Don Quijote anamtuma Sancho mjini El Toboso akamletee habari za Dulcinea. Sancho anasema hajawahi kumwona, na zamani alidanganya kwamba alimpelekea barua. Anakaa chini ya mti, anajihoji na kujijibu, kisha anawaona wasichana watatu wa shamba wanakuja juu ya punda. Anarudi mbio: bwana wangu, Dulcinea huyo anakuja na wajakazi wake wawili, wamejaa lulu na almasi! Mzee anatazama. Yeye aliyeona majitu penye vinu anaona wasichana watatu juu ya punda, na mmoja ananuka kitunguu saumu kibichi. Sancho, aliyekuwa macho ya kweli katika Sehemu ya Kwanza, sasa ndiye anayebuni. Mzee anakata shauri kwamba wachawi wamemgeuza mpenzi wake, na huzuni hiyo haimtoki hadi mwisho.

Uongo huo unakuja kudaiwa. Katika sura ya 35 ya Sehemu hiyohiyo ya Pili inatangazwa kwamba Dulcinea atafunguliwa uchawi ikiwa Sancho atajichapa viboko 3,300 kwa hiari yake. Anaahirisha na kuahirisha mpaka sura ya 71, bwana wake anapoamua kumlipa. Sancho anapiga hesabu kwa sauti: robo ya reali kwa kiboko, viboko 3,000 ni reali 750, vile 300 ni reali 75, jumla 825. Anajichapa sita au nane, anadai bei ipande, inakubaliwa iwe mara mbili, naye anaingia gizani na kuanza kuichapa miti huku akipiga mayowe. Mzee anasikia, anamwonea huruma, anamwomba aache, asije akafa na kuwaacha mkewe na watoto. Utu wote wa kitabu umo katika kurasa hizo chache.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wa pwani yetu wana sababu ya kulijali. Sura ya 8 ya Sehemu ya Kwanza inakatika katikati ya pambano, panga mbili zikiwa juu hewani, kwa sababu eti msimulizi hana karatasi zinazoendelea. Katika sura ya 9 anakwenda kwenye soko la Alcaná, mjini Toledo, anakutana na kijana anayeuza daftari kuukuu, na anatambua kwamba zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hawezi kuzisoma. Anamtafuta Mmorisko, yaani mzawa wa Waislamu wa Hispania waliolazimishwa kubatizwa, amfasirie. Mfasiri anafungua, anacheka, anamsomea maandishi ya pembeni: huyu Dulcinea anayetajwa sana, wanasema hakuna mwanamke La Mancha nzima aliyemshinda kutia nyama ya nguruwe chumvi. Msimulizi anazinunua daftari zote kwa nusu reali. Mfasiri analipwa aroba mbili za zabibu kavu, karibu kilo 23, na fanega mbili za ngano, anafanya kazi kwa muda wa mwezi mmoja na nusu na kidogo. Mwandishi wa daftari ni Cide Hamete Benengeli, mwanahistoria wa Kiarabu. Kuanzia hapo, kila tunachosoma kinadaiwa kuwa tafsiri kutoka Kiarabu.

Ni mchezo, lakini una uzito. Msimulizi anarudia dharau ya Wahispania wa wakati ule kwamba Waarabu ni waongo, na msomaji Mwislamu ataiona mara moja. Kitabu chenyewe hakikai hapo. Cide Hamete anasifiwa mara kwa mara kwa uangalifu wake, na bila yeye hakuna hadithi. Cervantes aliujua ulimwengu huo kwa mwili wake: mkono wake wa kushoto uliharibika katika vita vya baharini vya Lepanto mwaka 1571, akatekwa mwaka 1575, akakaa mateka Algiers miaka mitano mpaka alipokombolewa mwaka 1580. Kisha, kati ya sehemu hizi mbili za riwaya, kuanzia mwaka 1609, mfalme wa Hispania aliamuru Wamorisko wafukuzwe nchini. Sura ya 54 ya Sehemu ya Pili inamleta Ricote, mwenye duka wa kijiji cha Sancho, aliyerudi kwa siri akiwa amevaa kama hujaji ili afukue mali aliyozika. Wanakula na kunywa pamoja. Ricote anaisifu amri ya mfalme, na katika mazungumzo hayohayo anasema kwamba popote walipo wanaililia Hispania, maana ndiko walikozaliwa. Anamwahidi Sancho eskudo 200 amsaidie. Sancho anakataa, asije akawa msaliti wa mfalme, lakini anaahidi hatamtaja kwa mtu. Chini ya serikali ile hakuna ambaye angeandika zaidi ya hapo kwa usalama, na Cervantes aliyasema yote kupitia majirani wawili waliokaa majanini na viriba vya mvinyo.

Sehemu ya Pili ina ujanja mwingine ambao waandishi wangali wanauiga: wahusika wake wanajua kwamba Sehemu ya Kwanza imechapishwa. Katika sura ya 3 mwanafunzi Sansón Carrasco anawaambia nakala zaidi ya 12,000 zimeshatoka, na kwamba watoto wanakishika kitabu hicho, vijana wanakisoma, watu wazima wanakielewa na wazee wanakisifu. Hata makosa yanajadiliwa. Katika chapa ya kwanza ya mwaka 1605 punda wa Sancho anatoweka bila maelezo, kisha anarudi vilevile. Chapa ya pili ya mwaka huohuo ilitiwa vipande vya kurekebisha, navyo havikukaa sawa. Sasa Sancho anaulizwa, na jibu lake ni kwamba ama mwandishi alikosea, ama ni uzembe wa mchapaji. Mwaka 1614 mtu aliyejiita Avellaneda alitoa Sehemu ya Pili ya uongo. Cervantes akaitia ndani ya yake: katika sura ya 59 Don Quijote anasikia habari zake, anaacha kwenda Zaragoza kwa sababu yule wa uongo alikwenda huko, anaelekea Barcelona. Katika sura ya 72 anakutana na Álvaro Tarfe, mhusika wa kitabu cha Avellaneda, na kumtaka aape mbele ya mkuu wa mji kwamba Don Quijote aliyemjua si huyu.

Sasa kuhusu kukwama. Mahali pa kwanza ni sura ya 33 hadi ya 35 za Sehemu ya Kwanza, ambapo padri anasoma kwa sauti hadithi ndefu ya wivu iliyotokea Florence. Haina Don Quijote wala Sancho, isipokuwa mzee anapokurupuka usingizini na kuvipasua viriba vya mvinyo. Ziruke katika usomaji wa kwanza. Cervantes mwenyewe anakiri ndani ya Sehemu ya Pili kwamba watu waliilalamikia. Lakini usiruke sura ya 39 hadi ya 41, hadithi ya mateka wa Algiers, wala hotuba ya Marcela katika sura ya 14, msichana anayewaambia wanaume kwamba kupendwa hakumlazimishi kupenda.

Mahali pa pili ni kwenye jumba la yule mtawala na mkewe, tangu sura ya 30 ya Sehemu ya Pili. Wenye nyumba wameisoma Sehemu ya Kwanza, na wanatumia fedha na watumishi kuwafanyia wageni wao mzaha. Mzaha unakuwa mkali, na wasomaji wengi huchoka kwa sababu wanasubiri kucheka na kicheko hakiji. Usingoje kicheko. Tazama wanaocheka. Katika sura ya 70 Cide Hamete anasema kwamba waliodhihaki walikuwa na wazimu sawa na waliodhihakiwa.

Katikati ya mzaha huo Sancho anapewa “kisiwa” chake, Barataria, na anawashangaza wote. Wazee wawili wanakuja mbele yake: mmoja alimkopesha mwenzake eskudo kumi za dhahabu, mwenzake anasema amekwisha kulipa na yuko tayari kuapa. Anampa mdai fimbo yake amshikie kidogo, anaapa, kisha anaichukua tena. Sancho anainamisha kichwa, anafikiri, anaagiza fimbo irudishwe na ivunjwe. Zile kumi zimo ndani. Aliyelelewa na hadithi za Abunuwasi atajihisi yuko nyumbani katika sura hiyo ya 45.

Mwisho, nakala ya kusoma. Kwa Kiingereza, tafsiri ya John Ormsby ya mwaka 1885 inapatikana bure kwenye intaneti. Ni aminifu, ila lugha yake imekakamaa. John Rutherford (2000) na Edith Grossman (2003) wanasomeka kwa wepesi zaidi. Wanaosoma Kifaransa, kama wenzetu wengi wa Kongo na Burundi, wana tafsiri ya Louis Viardot ya miaka ya 1830, nayo haina malipo, na ya Aline Schulman ya mwaka 1997, iliyo karibu na lugha ya leo. Kwanza hakikisha sehemu zote mbili zimo, maana nakala nyingi zilizofupishwa zinaitupa Sehemu ya Pili. Halafu fungua sura yake ya 43. Hapo Don Quijote anamfundisha Sancho adabu za utawala, kuanzia kukata kucha hadi kuacha vitunguu, na anamsihi apunguze methali; Sancho anajibu kwa mfululizo wa methali, mpaka mzee anamwombea achukuliwe na mashetani elfu sitini, yeye na methali zake. Ikiwa katika tafsiri uliyoishika methali hizo zinasikika kama maneno ya mtu aliyekulia shambani, inunue.