Betri, zebaki na jerikani za dawa: maswali kuhusu taka za sumu

Taka gani ni za hatari? Si zote zinanuka?

Harufu si kipimo. Maganda ya matoke yaliyooza yananuka kuliko betri ya gari, lakini yakilala shambani yanakuwa mbolea. Madini ya risasi yaliyomo ndani ya betri hayaozi kamwe. Taka ni ya hatari ikiwa ina sumu, inaunguza ngozi, inashika moto au kulipuka upesi, au inabeba vijidudu vya magonjwa. Hapa Uganda mtu anazo nyumbani bila kuziita hivyo: betri za sola, taa za mirija, simu mbovu, oili chafu, jerikani za dawa za shamba, sindano, vidonge vilivyopita muda.

Fundi anavunja betri kuukuu uani na kuyeyusha risasi. Hatari iko wapi hasa?

Watu huogopa asidi kwa sababu inaunguza palepale. Asidi ni mbaya, ndiyo, lakini kibaya zaidi ni lile tope la kijivu linalobaki kwenye vibao vya ndani. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi, na sehemu kubwa ya risasi hiyo ni tope hilo. Likikauka linakuwa vumbi laini. Upepo unalipeleka kwenye unga, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye mikono ya mtoto anayecheza chini.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na jiko la mkaa linafika hapo bila shida. Ndiyo maana wavuvi wengi hujiyeyushia chubwi za nyavu nyumbani, mara nyingine kwa sufuria ambayo kesho itapikiwa posho. Moshi wake huvutwa moja kwa moja hadi mapafuni.

Mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Inaharibu ubongo unaokua: mtoto anachelewa kusema, hashiki masomo, anakuwa mkali bila sababu. Ikizidi sana huleta degedege na kifo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtu mzima dalili ni maumivu ya tumbo, kufunga choo, upungufu wa damu, presha na ugonjwa wa figo. Sehemu kubwa hujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi, na mama akipata mimba hutoka tena na kumfikia mtoto tumboni. Dalili hizi zinafanana na malaria au minyoo, kwa hiyo mweleze daktari waziwazi kwamba nyumbani kuna kazi ya betri, na uombe kipimo cha risasi kwenye damu.

Basi betri iliyokufa niifanyeje?

Usiifungue. Iweke wima, juu ya beseni la plastiki, mahali penye kivuli na hewa, mbali na watoto na moto. Usipange moja juu ya nyingine bila ubao katikati. Iuze au irudishe dukani ikiwa nzima, pamoja na asidi yake. Mnunuzi wa vyuma akikwambia umwage asidi kwanza, anakuachia wewe sumu na kuondoka na mali.

Asidi ikimwagika chini, nyunyizia majivu mengi au magadi hadi iache kutoa povu, kisha kusanya tope lote kwa koleo ukiwa na glavu za mpira, ulitie kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Povu likiisha, ukali wa asidi umeisha, lakini risasi bado imo. Ikimwagikia ngozi au jicho, hapo majivu hayana kazi: osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda hospitali.

Mafundi husema maziwa huondoa sumu. Ni kweli?

Maziwa hayaoshi risasi iliyokwisha kuingia. Kuna ukweli mdogo tu: mwenye njaa, au mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu, hufyonza risasi zaidi, kwa hiyo kula vizuri husaidia. Lakini anayeshika kikombe cha maziwa kwa mikono yenye vumbi hilo anajiongezea. Kunawa kwa sabuni kabla ya kula, na kuacha nguo na viatu vya kazi karakanani, kunasaidia kuliko lita nzima ya maziwa.

Si bora kuchoma kila kitu?

Hapana. Waya zenye ganda la PVC, aina ya plastiki, zikichomwa kwenye moto wa wazi hutoa dioksini, sumu inayohusishwa na saratani. Ili kuiteketeza, tanuri lazima lifike zaidi ya nyuzi 850 na kushikilia moshi kwa angalau sekunde 2. Rundo linalofuka nyuma ya nyumba halifiki huko. Dioksini hushuka na majivu, kuku wa kienyeji huyadonoa, na sumu hukaa kwenye mafuta ya yai. Betri na makopo ya dawa za kupuliza hulipuka.

Kufukia nako kunaleta shida: sumu huingia majini, hasa penye chemchemi au kinamasi, na Kampala ina vingi.

Wachimbaji wa dhahabu huko Busia hutumia zebaki. Anayekaa mbali ana shida gani?

Zebaki, madini ya majimaji, hushika chembe za dhahabu, kisha donge hilo huchomwa ili zebaki ipae. Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Huleta kutetemeka kwa mikono, kusahau na kuharibika kwa figo. Unaotua kwenye bati huoshwa na mvua hadi kwenye tangi la maji ya kunywa. Unaofika mtoni na ziwani hubadilishwa na bakteria kuwa aina inayojilimbikiza kwenye samaki, hasa wale wakubwa wanaokula samaki wenzao.

Anayechoma asichome ndani ya nyumba, na atumie chombo kilichofungwa chenye bomba la kupoozea mvuke. Kikifungwa sawasawa hurudisha sehemu kubwa ya zebaki, na hiyo ni pesa yake.

Kipimajoto cha zebaki kikivunjika: watoe watoto, fungua madirisha, vua pete za dhahabu. Usifagie, ufagio hutawanya matone. Yasukume kwa vipande viwili vya karatasi ngumu, yatie kwenye chupa yenye maji kidogo, funga.

Jerikani ya dawa ya shamba nikiiosha vizuri, naweza kuwekea maji?

Hata kidogo. Plastiki hufyonza dawa na kuitoa polepole. Mara tu inapoisha, tia maji robo ya chombo, funga, tikisa kwa sekunde 30, mimina kwenye pampu ya kupulizia uitumie shambani. Rudia mara 3. Kisha itoboe kitako ili asije mtu akaiuza sokoni kama jerikani ya waragi. Usiioshee kisimani.

Mtu akinywa dawa hiyo akaanza kutoka mate mengi, jasho na kutapika, usimtapishe kwa nguvu wala usimpe mafuta. Mkimbize hospitali, na lebo ya chombo iende naye.

Sindano za kisukari nazitupa wapi?

Kwenye chupa ngumu yenye mfuniko, bila kurudishia kifuniko cha sindano. Ikijaa robo tatu, funga na uipeleke kituo cha afya. Ukichomwa na sindano ya mtu, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue wala kufyonza, na ufike kituoni siku hiyohiyo: dawa za kuzuia VVU lazima zianze kabla ya saa 72.

Gari la taka si linachukua vyote?

Linachukua, na hapo ndipo vinapochanganyikana. Jaa la Kiteezi lilipoporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua zaidi ya watu 30, lilikuwa limepokea taka za Kampala tangu 1996. Kubeba taka za hatari kunahitaji leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa hiyo karakana au kliniki inayolipa mtu wa pikapiki iombe kuiona. Nyumbani, tenga ndoo moja yenye kifuniko, iandike SUMU, na umuulize afisa wa mazingira wa wilaya inakopelekwa.