Madoa yasiyouma: maswali kuhusu VVU na saratani za virusi vya herpesi

Nina VVU na niliwahi kuugua mkanda wa jeshi. Je, nitapata saratani?

Mkanda wa jeshi hauleti saratani. Hata malengelenge ya mdomoni au ya sehemu za siri hayaleti. Yote hayo hutokana na virusi vya herpesi, lakini herpesi ni jamii ya virusi, na ndani yake wapo wawili tu wanaohusishwa moja kwa moja na saratani: Epstein-Barr na herpesi namba 8. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo nayo huwaandama wanawake wenye VVU, husababishwa na virusi vya jamii nyingine kabisa, yaani papiloma.

Nimevipataje hivyo viwili?

Zaidi kwa mate, na mara nyingi utotoni. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wana Epstein-Barr, na wengi wataishi nayo hadi uzeeni bila kuumwa. Namba 8 huambukizwa pia kwa kujamiiana. Kwa hiyo usitafute wa kumlaumu, wala usijilaumu.

Sasa kwa nini vitudhuru sisi wenye VVU?

Vikishaingia mwilini havitoki. Hujificha ndani ya seli nyeupe za damu, na kinga ndiyo inayovizuia visiamke. VVU hushambulia seli za CD4, ambazo ndizo zinazoongoza ulinzi huo. Zikipungua, virusi vilivyolala huamka na kuzisukuma seli zijigawe ovyo.

Huleta saratani zipi?

Namba 8 huleta sarkoma ya Kaposi, saratani inayoonekana zaidi kama madoa kwenye ngozi na mdomoni. Daktari Moritz Kaposi aliueleza ugonjwa huu mwaka 1872, lakini kirusi chake hakikujulikana hadi 1994. Namba 8 huleta pia limfoma (saratani ya seli nyeupe za damu) adimu inayojaza maji kifuani au tumboni. Epstein-Barr huhusishwa na limfoma ya Burkitt na limfoma ya ubongo. Hii ya ubongo huwapata hasa watu ambao CD4 zao zimeshuka chini ya 50 kwa kila mikrolita ya damu, ilhali Burkitt inaweza kumpata hata mtu ambaye CD4 zake hazijashuka sana.

Dalili zake ni zipi?

Naomba usome hapa taratibu, maana hapa ndipo watu wengi huchelewa. Madoa ya Kaposi kwa kawaida hayaumi wala hayawashi. Kwenye ngozi nyeusi huonekana ya zambarau iliyokolea, kahawia au meusi kabisa, na mtu hudhani ni kovu au alama ya kuumwa na mdudu. Simama mbele ya kioo, fungua mdomo, tazama kaakaa na fizi. Kagua miguu hadi nyayo. Mguu mmoja kuvimba bila sababu, kukohoa damu, au choo cheusi kama lami ni dalili kwamba ugonjwa huenda umeingia ndani.

Kwa limfoma, angalia mitoki inayokua shingoni, kwapani au kwenye kinena, homa isiyoisha, jasho la kulowesha shuka usiku, na kukonda. Kifua kikuu nacho huleta dalili hizo hizo, kwa hiyo usikubali kubahatisha: omba kipimo cha kukata kinyama.

Inatibika?

Ndiyo, na dawa ya kwanza ni ARV, yaani dawa za kupunguza makali ya VVU. Kaposi iliyo kwenye ngozi tu inaweza kunywea kwa ARV peke yake. Iliyosambaa huongezewa dawa za saratani kama paklitakseli au doksorubisini. Limfoma nyingi huhitaji dawa za saratani tangu mwanzo.

Kuna mambo mawili ya kumwambia daktari. Kwanza, kama unatumia dawa za steroidi, hata za pumu au za ngozi, mtajie, kwa sababu zinaweza kuchochea Kaposi. Pili, wiki za mwanzo za ARV madoa yanaweza kuongezeka kwa sababu kinga inaamka na kupambana. Wengine huogopa hapo na kuacha dawa. Usiache, rudi kliniki siku hiyo hiyo uonwe.